Ukoko umebaki sufuriani, mhariri

Ndugu Mhariri,

Salaam aleikum, na kwa wasomaji wote habari za huko mliko. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, siyo ule wa mashairi, ingawa ninacholeta humu ndani kina shairi, na kwanini nimepitia mlango huu na siyo ule nitasema huko mbele maana kuna mtu kaniudhi kidogo. Naandika kwa simu, kidole kimoja, miwani imepasuka upande, kwahiyo mkikuta herufi imerukwa mniwie radhi.

Mimi mama wa watoto wanne, Ngamiani hapa hapa Tanga, asubuhi nauza vitumbua. Watatu wa kwanza wana kwao. Aliyekuwa amebaki ni kitinda mimba, wa kiume, kasomea ualimu wa Kiswahili na Historia, akamaliza chuo akakaa nyumbani miaka minne anasubiri ajira, na hiyo miaka minne hakukaa bure maana kaendesha bodaboda ya watu, kafundisha tuisheni, kanisaidia kukuna nazi saa kumi za usiku na sikuwahi kumsikia analalamika, ila siku moja moja alikuwa anakaa barazani anaangalia simu halafu anaizima anailaza kifudifudi. Basi majina yakatoka. Si mnajua majina yanavyotoka siku hizi, pdf ndefu kama mkeka, mtaa mzima unasaka jina la mtu mmoja. Alilikuta lake saa nne usiku, akaja akasimama mlangoni kwetu akasema mama nimepangiwa Kasulu. Baba yake akauliza Kasulu ya wapi, utadhani ziko mbili.

Kasulu ni Kigoma. Sisi Kigoma tunaijua kwa mawese na migebuka na kwamba reli inaishia huko, basi. Nikamwambia alhamdulillahi, nikapiga kigelegele kimoja jirani wakaja, tukanywa chai saa tano usiku, na usingizi siku ile sikuupata na nilidhani ni furaha.

Wiki mbili zile za kujiandaa mimi nilikuwa na kazi yangu ya pembeni, naandaa wosia. Kila nikikaanga kitumbua naongeza neno. Usiache kusali. Usikope hela kwa mtu unayefanya naye kazi. Ukifika kijijini usijitie kujua, kaa kimya mwezi mzima usikilize watu wanavyosalimiana. Wasichana wa shule ni watoto wako, umesikia? Usile dukani kila siku, nunua jiko. Nilizipanga kichwani kama mashuka kabatini, nikasema siku ya safari nitamkalisha chini nimpe zote kwa mpigo. Siku ikafika tukaamka usiku, bajaji ikachelewa, begi likakatika mkanda tukalifunga kamba ya katani, tumefika stendi Kange basi linaunguruma na konda anapiga kelele Dodoma Dodoma kama vile sisi hatuoni. Akapanda, akakaa dirishani, akatoa mkono nje kiganja kinapigapiga bati la basi taratibu. Nikasogea. Nikafungua mdomo ule wosia wote utoke, na kilichotoka, mhariri, ni hiki: "Baba, umechukua chaja?"

Akasema ndiyo mama. Basi likaondoka.

Wosia wa wiki mbili nzima ukaishia kwenye chaja. Nikarudi na bajaji ile ile, dereva wake kijana mdogo akaniuliza bi mkubwa umesindikiza nani, nikamwambia mwanangu kapata kazi, akasema hongera sana, na mimi nikasema ahsante, tumefika hapo kwenye reli nikajifunika mtandio uso wote nikajidai vumbi.

Sasa nije kwenye ukoko. Kwa wasomaji wa bara mnaopika wali mkavu wa haraka nitaeleza, wa pwani waniruhusu. Wali wa nazi ukishakaribia kukauka unaupunguzia moto chini, unafunika, unapalia makaa juu ya kifuniko. Ule moto wa juu unaumalizia wali, na chini kule tui likishakauka yanabaki mafuta, wali wa chini unashika sufuria unakuwa mwekundu, mgumu, una chumvi kidogo na utamu kidogo. Huo ndiyo ukoko. Watu wengine wanamwagia kuku. Kwangu mimi kuku hawajawahi kuonja ukoko kwa miaka ishirini na kitu kwasababu ya huyu kijana. Tangu ana miaka mitatu akisikia nashusha sufuria anakuja na kijiko chake anasimama mlangoni mwa jiko, hasemi kitu, anasubiri. Wenzake walikuwa wanampiga vijembe eti ataoa mvua inanyesha, si mnaijua ile, mtoto anayekwangua sufuria siku ya harusi yake mvua lazima. Hakujali. Kamaliza darasa la saba anakwangua, form four anakwangua, kaja na digrii yake anakwangua, na kwa miaka yote hiyo mlio ule wa kijiko na sufuria, kwaru kwaru, ulikuwa unanikera nikawa namfokea, utatoboa sufuria wewe!

Jioni ya siku ile aliyoondoka nikapika wali. Nikapima vikombe vitatu. Sikufikiria, mkono ndiyo uliopima. Tukala mimi na mzee, tukashiba, ukabaki mwingi, nikainuka kuosha vyombo nikafunua sufuria na ukoko ule pale chini, mzima, mwekundu, umezunguka kama sahani. Nikasimama na ile sufuria. Kuku wakasogea mlangoni.

Nikasema hapana, huu wosia wangu uliokwama kooni nitauandika, tena nitautungia shairi, nimtumie. Na kutunga siyo kwamba najifanya, mimi elimu yangu ni darasa la saba ya miaka ile ila mizani najua, na kilichonifanya nijue ni huyu huyu mtoto. Alipokuwa la saba walimpa ubeti kwenye ngonjera ya mahafali, zile ngonjera alizozianzisha marehemu Mnyampala kila shule ikazichukua, na alikuwa haukamati ule ubeti hata kwa fimbo, ikabidi tukae jikoni mimi nachambua mchele kwenye ungo yeye anasema, na kila silabi anaweka punje moja pembeni. Nane, kituo. Nane nyingine, mstari. Ndiyo jinsi nilivyojifunza na mimi, kumi na sita kwa punje za mchele. Siku ya mahafali mgeni rasmi kakaa, wazazi tumejaa, zamu yake ikafika akasema mstari wa kwanza akasema wa pili akanyamaza. Watu kimya. Macho yakawa yananitafuta kwenye viti, akaniona, nikamtamkia kwa midomo tu bila sauti akaudaka akamalizia. Mwalimu wake mpaka leo hajui.

Basi nikachukua daftari nikaanza. Nikajua nitaandika sali mwanangu, kaa vizuri na watu, heshimu wakubwa. Nikaandika ubeti mzima wa hayo, nikausoma, nikaona maneno haya kayasikia kwangu, kayasikia madrasa, kayasikia shuleni na kwa kila mzee aliyekuja kumuaga, na zaidi ya hapo sio yaliyokuwa yananikaba. Nikaukata mstari. Halafu ile ya ukoko ikaja yenyewe, nimesimama nasugua ile sufuria, ikaja imeshakamilika, nane kwa nane, sikuigusa.

Hapo ndipo alipoingia huyu mtu aliyeniudhi. Tunaye mzee mtaani kwetu, malenga, mashairi yake yamewahi kutoka magazetini enzi hizo na vijana wanamheshimu, ana kile kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954 kakitia gamba la gazeti, na yule Amri Abedi kwa wasiomjua ndiye aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kwahiyo mtu wa sheria kweli kweli. Nikampelekea. Akavaa miwani. Akasoma huku anagonga kidole kwenye goti, anahesabu. Akasema vina vizuri, umeshika ni na a mwanzo mpaka mwisho, mtiririko huo, hongera. Mizani iko sawa. Akanyamaza. Akasema lakini bi mkubwa, shairi hili halina funzo. Mzazi akimwandikia mwana anamuusia, sasa wewe unamwambia habari za sufuria. Ongeza beti tatu za nasaha kisha ulitume ukurasa wa mashairi, wakilipokea hivi lilivyo niite mbwa.

Nikamshukuru nikaondoka, mzee huwezi kubishana naye. Ila usiku nikawa nabishana naye kitandani peke yangu, na ndiyo haya ninayoyaleta kwako.

Mwanangu kaacha vitabu vyake vya chuo kwenye kabati, nikavitoa nikatafuta, maana nilijua akina sisi lazima tuko humo. Kweli nikamkuta Mwana Kupona, bibi wa huko Pate, visiwa vya Lamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu. Katunga utenzi wake mwaka 1858 kwa binti yake, beti mia na ushee, mizani nane nane. Anamwita binti asogee karibu, alete wino na karatasi, anamwambia maradhi yamemshika mwaka mzima, halafu anamuusia, kuna radhi tano anamwambia azitafute, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume, na mume huyo amlee kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Nilisoma nikacheka kidogo hapo. Miaka kama miwili baadae akafariki. Nikamkuta na Shaaban Robert wetu, mtoto wa Vibambani hapa Tanga, kazaliwa 1909, yeye kawatungia wanawe wawili, Hati kwa wa kike na Adili kwa wa kiume, watoto waliofiwa na mama yao. Tendi za watu wakubwa hizo, siwezi kujilinganisha, nikijilinganisha mnicheke.

Lakini angalieni kitu kimoja, na huyu mzee wa mtaani ningependa akisome. Mwana Kupona yuko kitandani, ndiye yeye anayeondoka, mtoto anabaki. Kwa Shaaban Robert mama wa watoto keshaondoka. Humo ndani kote kuna mauti, na mtu anayejua anakufa atausia, lazima, hana muda wa habari za sufuria. Mimi siumwi. Mwanangu haumwi. Hakuna aliyekufa, mtoto kapata kazi tuliyoiombea miaka minne, dua imejibiwa, sasa unalilia nini? Kwa hilo ndiyo sikukuta shairi. Labda liko mahali na mimi sina vitabu vingi, kama lipo mwenye nalo alilete.

Kwa binti ni afadhali. Nilivyomuoza dada yake miaka tisa iliyopita nililia mpaka sauti ikakauka na hakuna aliyeniuliza, kwasababu kulia kule kumepangiwa nafasi yake, kuna nyimbo zake, kuna somo, yule aliyemfunda, wa kumtoa ndani, kuna shangazi wa kulia na wewe, wanawake wamekuzunguka, mtu anakufuta uso kwa leso anakwambia lia mama lia, na kesho yake asubuhi unapeleka chakula kwao unamuona. Mtoto wa kiume anatoka na begi la kufungwa kamba ya katani, watu wanamwambia kaza buti, na mama yake anaambiwa hongera. Ukilia unaambiwa usimpe mtoto mkosi. Kuimbiwa haimbiwi. Sasa kama hatuimbiwi harusini wala msibani si angalau tupewe kona ya gazeti?

Na baba yake ndiyo kabisa. Huyu mzee tangu mtoto ameondoka hajataja jina lake zaidi ya kuuliza kapiga simu. Ila kila Ijumaa akirudi msikitini anaitoa baiskeli ya mtoto uani, ile aliyokuwa anaendea shule ya sekondari, imeshachakaa haina hata kiti kizuri, anaipindua miguu juu, anachukua kichupa cha mafuta ya cherehani yangu, anatia mnyororo tone tone, anazungusha pedeli kwa mkono anausikiliza unavyozunguka. Akimaliza anairudisha. Hakuna mtu wa kuipanda. Mafuta yangu yamekwisha na sijamuuliza.

Simu tunapigiana, nisije nikamsingizia mtoto. Anapiga Jumapili, mtandao ukikubali. Kasema huko baridi, wa Tanga huyu hajawahi kumiliki sweta, kanunua mtumba. Kasema wanakula ugali wa muhogo na maharage yao mazuri sana, mawese mwanzo yalimshinda sasa anayataka. Wanafunzi wanamfundisha salamu za Kiha na yeye anawafundisha vina. Anapika kwa mtungi mdogo wa gesi, nikamuuliza vipi wali, akasema mama kwa gesi ukoko haushiki vizuri, unaungua tu chini mweusi. Tukanyamaza wote wawili kwenye simu hapo, na dakika zinakatika.

Basi shairi lenyewe ndiyo hili, beti sita, sikuongeza za nasaha.

Basi lipo kituoni, honi kubwa imelia,
Mkono u dirishani, nami chini naduwaa,
Neno likawa kooni, kutoka likakataa,
Ukoko sufuriani, nani ataukwangua?

Nikaingia jikoni, mchele nikapimia,
Vitatu kama zamani, mkono umezoea,
Tu wawili mkekani, chakula kimebakia,
Ukoko sufuriani, nani ataukwangua?

Ulikuwa mlangoni, kijiko umeshikia,
Hujaletewa sahani, chini unachungulia,
Kwaru kwaru ya jioni, hata leo nasikia,
Ukoko sufuriani, nani ataukwangua?

Chandarua kitandani, fundo nimelifungia,
Kikombe chako kabatini, vumbi ninakifutia,
Ndala zako barazani, hapana wa kuzivaa,
Ukoko sufuriani, nani ataukwangua?

Baba yako yu uani, mnyororo autia
Mafuta ya cherehani, gurudumu latulia,
Haniambii kwa nini, nami namnyamazia,
Ukoko sufuriani, nani ataukwangua?

Kalamu naweka chini, hapa ninaishilia,
Nasaha zi vitabuni, wengi washakuusia,
Langu moja la nyumbani, jibu nalisubiria,
Ukoko sufuriani, nani ataukwangua?

Hilo la chandarua nilieleze kwasababu jirani mmoja alinisomea akauliza fundo gani. Kitanda chenye mtu chandarua asubuhi kinaviringishwa tu, kinatupiwa juu, jioni kinashushwa. Kitanda kisicho na mtu unakifunga fundo la maana katikati kisiingie vumbi. Siku nilipolifunga lile fundo ndiyo nilijua ameondoka, stendi bado nilikuwa sijajua.

Na malenga wenzangu, kama naruhusiwa kusema wenzangu, zamani magazetini watu walikuwa wanajibizana, huyu anauliza kwa vina huyu anajibu kwa vina vile vile, baba yangu alikuwa akitusomea na ubishi unahamia barazani kwetu. Na mimi nimeuliza swali. Mzazi yeyote aliyebaki na kitanda kitupu, awe mama awe baba, hasa akina baba maana nyie ndiyo mnaojificha nyuma ya baiskeli, anijibu. Ila asinijibu kwamba mtoto akikua lazima aondoke, hilo nalijua, mimi mwenyewe niliondoka kwetu Pangani nina miaka kumi na tisa na sikugeuka nyuma, na mama yangu Mungu amrehemu sikuwahi kumuuliza jioni ile alipika vikombe vingapi.

La mwisho ni hili, naomba uliangalie vizuri wewe na wachapaji wako. Kabla ya kukuletea nilimtumia mwenyewe kwa WhatsApp, nililipiga picha daftarini. Tiki mbili zikawa za bluu hapo hapo. Nikaona anaandika. Akaacha. Anaandika. Akaacha. Nikaweka simu nikaenda kuloweka mchele wa vitumbua, nikarudi bado anaandika. Kama nusu saa hivi. Halafu meseji ikaingia, nikavaa miwani yangu iliyopasuka, inasema: "Mama, ubeti wa nne mstari wa pili una mizani 17."

Nikachukua ungo nikamwaga mchele nikahesabu. Ki, ko, mbe, cha, ko, ka, ba, ti, ni. Tisa. Kweli mtoto wa watu, na yule mzee na kitabu chake cha sheria na kugonga goti kote kule hakuiona. Ikaingia nyingine: "Andika Kikombe ki kabatini, inakuwa nane." Na ya tatu haikuja mpaka kesho yake, na ilikuwa inauliza habari za baba.

Nimeijaribu hiyo yake. Ni nane kweli, inakaa vizuri, hata mdomoni inateleza. Lakini kabatini kwangu kuna vikombe kumi na kimoja. Kilichozidisha mizani ni hiyo "chako", na nikiitoa kikombe kinakuwa kimoja kati ya hivyo. Nimemwandikia baba, mwalimu, uko sahihi, na sibadilishi. Kwahiyo mhariri mstari huo utauona umezidi, usiuguse.

Wako,
Mama wa kitinda mimba,
Ngamiani, Tanga.